Bega langu lilishindwa jeneza: Tuitunze amana ya mwili

 

Ndugu zangu Waislamu, mwaka 2023 nilifiwa na baba yangu mkubwa kijijini kwetu Hedaru, wilayani Same. Wanaosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi wanaijua Hedaru. Ukishapita Mkomazi, milima ya Upare inakuwa kulia kwako, kushoto ni tambarare yenye mkonge na migunga, na joto la mchana halina mzaha. Makaburi ya ukoo wetu yako juu kidogo, upande wa mlimani.

Tulimswalia marehemu baada ya Adhuhuri, tukainua jeneza. Nami nikajitosa mbele, maana marehemu ndiye aliyenilipia ada ya shule na nilitaka nimbebe. Nilibeba kwa hatua zisizozidi hamsini. Kilima kilipoanza kusimama, pumzi ilikata, macho yakaingia giza, nikapiga kelele nipokewe. Nilipokewa. Nikaenda kukaa chini ya mgunga, nimeshika kifua, huku watu wananipita. Aliyechukua nafasi yangu ni baba yangu mdogo, mzee wa miaka sabini na kitu, na hakulitoa jeneza begani mpaka lilipofika.

Baada ya mazishi alikuja kunipa pole. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema neno moja tu: "Mwanangu, mjini mnakaa sana."

Sikulala usiku ule. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 46. Kitambi changu nilikuwa nakiona kama dalili ya neema, na wenzangu dukani Kariakoo walikuwa wakiniita "bosi" kwa ajili yake. Lakini kufuata jeneza ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Haki ile ilinishinda kuitekeleza, tena kwa mtu niliyekuwa na deni kwake. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa suala la mwili si la urembo wala si la vijana wanaopiga picha mbele ya kioo. Mwili ni amana, na ipo siku mwenye haki yake atakuja kuidai nawe huna cha kumpa.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kupimwa. Presha ilikuwa juu sana. Daktari akanipa dawa na kuniambia nitembee kila siku. Mimi nikaona kutembea ni jambo dogo mno kwa mtu aliyeaibika kama mimi. Nikanunua viatu vya mbio, nikalipia ukumbi wa mazoezi kwa miezi mitatu, nikaacha wali na mkate kwa mkupuo. Siku ya kwanza nilikimbia kwenye mashine mpaka nikatapika. Siku ya tisa goti likavimba. Siku ya kumi sikwenda, na ya kumi na moja nikaona haya kwenda. Miezi miwili na nusu iliyobaki niliwaachia pesa yangu.

Lililoniumiza zaidi si goti bali maneno niliyokuwa nikijiambia: lau ningeanza nikiwa kijana, lau nisingekaa dukani miaka yote ile, mimi na umri huu, basi tena. Ndugu msomaji, neno hilo "lau" Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha nalo. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ametueleza kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko Muumini dhaifu, na kila mmoja wao ana kheri. Watu wengi tunaishia hapo, tunaibandika kwenye kuta za kumbi za mazoezi. Lakini hadithi inaendelea. Inatutaka tuyapupie yenye kutunufaisha, tumuombe Allah msaada, tusijione hatuwezi, na likitusibu jambo tusiseme "lau ningefanya kadha na kadha", kwa kuwa maneno hayo yanamfungulia shetani mlango wa kazi yake. Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi hii aliitafsiri nguvu hiyo kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya akhera. Kwa hiyo mgonjwa aliye kitandani, mwenye azma, naye yumo. Mwenye misuli anayelala Alfajiri ikimpita, ajitazame.

Hapa namkumbuka mwanariadha wetu Juma Ikangaa. Mwaka 1988 katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu, baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Mwaka 1989 akarudi, akawa wa pili. Mwaka 1990 akarudi tena, akawa wa pili tena. Sekunde moja ile ingetosha kumfanya mtu aseme "lau" mpaka kaburini. Yeye Novemba 1989, katikati ya miaka hiyo hiyo, alikwenda New York akashinda kwa saa 2:08:01, muda ambao hakuna aliyewahi kuukimbia katika mbio zile kabla yake.

Nirudi Hedaru. Iddi iliyofuata nilikwenda nyumbani, nikamueleza baba mdogo habari za ukumbi na goti. Alicheka sana. Kisha akaniuliza kama nakumbuka ndiva.

Kwa wasioijua Upare, ndiva ni bwawa dogo la asili la kumwagilia mashamba, wazee wetu waliyachimba tangu zamani. Vijito vya milimani wakati wa kiangazi vina maji kidogo. Ukiyaelekeza moja kwa moja shambani, yananywewa na ardhi kabla hayajafika. Kwa hiyo yanaachwa yaingie ndivani usiku kucha, taratibu, na asubuhi ndiva inafunguliwa, maji yanatoka na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Na ndiva hujaa tope. Zamani watu waliitana kwa msaragambo, kila kaya ikatoa mtu, tope likazolewa. Ndiva iliyoachwa bila kuzolewa huwa kinyesheo cha ng'ombe.

"Wewe ulitaka kuijaza kwa ndoo siku moja," aliniambia.

Hakika hili ndilo alilotufundisha Mtume (s.a.w.) katika hadithi aliyoipokea Bi Aisha (r.a.), kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata kama ni kidogo. Tumeizoea hadithi hii katika sunna za usiku na sadaka. Ni nani aliyetuambia kuwa haimhusu mtu anayeutunza mwili ili aweze kuzisimamia hizo sunna? Salman (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) anafunga kila siku na kukesha kila usiku, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki kwake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli.

Nchi yetu haikosi kampeni. Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ndugu zetu wa Zanzibar wana siku yao ya mazoezi kila Januari Mosi. Ni mambo mazuri na yana haja kubwa, maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa katika watu wazima wa Tanzania wenye miaka 25 hadi 64, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na tisa katika kila mia walikuwa na sukari iliyozidi. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi ni ndoo ile ile ya baba mdogo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa kiasi kila wiki. Zigawe kwa siku saba, ni kama dakika ishirini na mbili kwa siku.

Dakika ishirini na mbili zinatoka wapi? Mimi nimezipata kwenye njia ya msikiti. Nyumbani kwangu Temeke mpaka msikitini ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Miaka tisa nilikuwa nakwenda kwa pikipiki yangu, na mara nyingi Alfajiri nikiswali chumbani. Siku moja nikasoma tena kisa cha Banu Salima. Hawa nyumba zao zilikuwa mbali na Msikiti wa Mtume, wakataka wahamie karibu. Mtume (s.a.w.) aliwataka wabaki kwenye majumba yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Nilikaa kimya muda mrefu. Masahaba walizuiwa wasiusogelee msikiti, nami nilikuwa nalipia petroli ili nyayo zangu zisiandikwe!

Basi nikaiacha pikipiki. Alfajiri naenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, hizo ni dakika ishirini na nne kabla ya chai. Isha vile vile nikiwahi kutoka dukani. Sikimbii, kwani tumekatazwa kuiendea swala mbiombio, tumetakiwa twende kwa utulivu. Dawa ya kutokimbia ni kutoka mapema, na hilo nalo lina faida zake. Nisieleweke vibaya: siwaungi mkono wanaosema swala ni mazoezi ya viungo. Swala ni kwa ajili ya Allah. Anayerukuu kwa ajili ya kiuno chake na atazame upya nia yake. Nasema tu njia ya kuiendea ina kheri nyingi.

Na dada zetu je? Tumewafungia ndani kisha tunawashangaa wakiugua magoti. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baadaye alipoongezeka mwili Mtume akamshinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Ni waume wangapi miongoni mwetu wanaotembea na wake zao hata mpaka dukani? Mke wangu nilipomwambia twende tukatembee baada ya Alasiri aliniuliza nimefanya kosa gani. Sasa tunakwenda siku nne kwa wiki, naye ananiacha nyuma.

Chakula sikukifanyia vita tena. Kande zetu za Upare hazina kosa, kosa ni sahani ya tatu. Sambusa za futari ndizo bado zinanishinda, niombeeni dua. Dawa za presha naendelea kumeza kama alivyoelekeza daktari. Yeyote atakayesoma hapa akaacha dawa zake kwa sababu ameanza kutembea, ajue mimi sikumwambia hivyo.

Na zipo siku zinanipita. Mvua za masika zilinilaza ndani wiki nzima, shetani akaja na "lau" zake. Siku ya nane nikatoka. Tope la ndiva huzolewa, ndiva haihamwi.

Baada ya Ramadhani iliyopita nilikwenda Hedaru kuzuru kaburi la baba mkubwa. Mji nao umebadilika. Vijana wa bodaboda wamejaa kando ya barabara, na wapo wanaopakiwa mpaka mlango wa msikiti uliopo hatua mia mbili. Mmoja akanipigia honi, "Mzee, twende, kilima hicho!" Nikamshukuru nikapita. Baba mdogo alikuwa mbele yangu na fimbo yake ambayo haitumii. Nilipofika juu, jasho linanitiririka, alikuwa ameshakaa.

"Umepumzika mara ngapi?"

"Mara mbili, baba."

Akahesabu moyoni. "Pale mgungani?"

"Pale sikusimama."

Akainua mikono yake, nami nikainua yangu, tukamuombea marehemu.