Samaki Mkunje Angali Mbichi

Methali hii tumeizoea kwenye malezi. Mzazi akilalamika kwamba kijana wake mkubwa hasikii la mtu, majirani humkumbusha: samaki mkunje angali mbichi. Tabia hunyooshwa utotoni. Mtu akishakomaa, atakushinda au utamvunja. Maana hiyo ni sahihi, ila imeifunika maana nyingine ambayo watu wa Bangwe, pale Kigoma, wanaiishi kila asubuhi bila kuhitaji kutajiwa methali yoyote.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa; zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola zimeenea. Mitumbwi ikirudi alfajiri, kazi huhamia kwa waanikaji, wengi wao kina mama. Dagaa hutandazwa mchangani au juu ya chanja mapema, kisha hugeuzwa na kugeuzwa mpaka wakauke vizuri. Anayechelewa, au anayekutwa na mvua, anauza kwa bei ya kutupa, wakati mwingine kwa chakula cha kuku. Samaki wa kubanikwa kama kambare naye ana utaratibu wake: mkia huletwa mdomoni kabla hajapanda motoni. Ukikumbuka kumkunja ameshakauka, atakatikia mikononi mwako. Kwa hiyo methali haisemi juu ya umri tu. Inasema kila kitu kina saa yake ya kukubali umbo, na saa hiyo ni fupi.

Wazo la hadithi, la wimbo au la mchoro lina saa hiyohiyo. Linapokujia linakuja na sauti ya mhusika, na neno lililokaa mahali pake, na sababu iliyokufanya usisimke. Kesho yake unakumbuka kwamba jana ulikuwa na wazo zuri, basi. Wengi wetu husema, “Nitaliandika nikipata nafasi.” Mimi nadhani hapo ndipo kazi nyingi za sanaa hufia, kabla hata ya kufika kwa mchapishaji anayelaumiwa kila siku.

Mfano mzuri haupo mbali na Bangwe. Mwaka 1871 mmisionari na msafiri David Livingstone alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, kwenye mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Karatasi zilimwishia, wino pia. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la London, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akiyakatiza, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa hukohuko. Kwenye kurasa hizo aliandika mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wenye bunduki wa misafara ya biashara waliua mamia ya wanasoko, wengi wao wanawake. Alifika Ujiji, jirani na Bangwe, mwezi Oktoba, mgonjwa na hohehahe. Fikiria angesubiri apate daftari la heshima: miezi mitatu ya njaa na maradhi ingekuwa imekaa kati ya macho yake na kalamu. Baadaye aliyanakili maandishi hayo kwenye daftari kubwa, akiyapanga vizuri, na mwandishi wa habari Stanley akalibeba hadi Uingereza mwaka 1872. Habari za Nyangwe ziliongeza shinikizo lililofanya soko la watumwa la Zanzibar lifungwe mwaka 1873.

Wino ule ulififia hata kurasa zikawa hazisomeki, mpaka watafiti walipozipiga picha kwa mianga maalumu na kuyatoa maandishi hadharani mwaka 2011. Ikaonekana kwamba daftari safi halilingani kila mahali na zile kurasa za gazeti. Nakala nadhifu ilikuwa na mpangilio. Kurasa chafu zilikuwa na siku yenyewe.

Linganisha na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyezijua njia za Maniema, nchi ilipo Nyangwe, kuliko Mzungu yeyote. Yeye aliandika maisha yake kwa Kiswahili uzeeni, akiwa Zanzibar, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Kitabu ni hazina, na simulizi yake ina mwendo. Lakini tarehe ndani yake ni chache mno, na wanahistoria wamehangaika kuyapanga matukio. Alikunja samaki aliyekwisha kukauka. Ni bahati yetu kwamba alikuwa fundi.

Mtu atauliza: na haraka haraka isiyo na baraka je? Methali hizi mbili hazigombani. Kumkunja samaki si kumpika. Wazo likija, andika mistari michache mibaya inayolishika, usihangaike na ufasaha. Ufasaha una wakati wake, na wavuvi wanaujua: mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, basi watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Hata serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, ilikuwa inasema kwa njia yake kwamba kila kazi ina wakati wake. Kosa la wasanii wengi ni kugeuza ratiba: wazo linapokuja wanaanza kushona, na siku ya kushona wanalalamika kwamba mawazo hayaji.

Huna haja ya gazeti kuukuu wala wino wa majani. Simu iliyo mfukoni inarekodi sauti. Lile wazo uliloliahirisha tangu wiki iliyopita, litamkie leo kabla hujalala, hata kwa sentensi tatu zilizopinda.