Moyo Chini ya Mzigo

Mwaka 1948, watafiti wa Marekani walianza kuwaandikisha wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts. Kila baada ya miaka miwili, wanaume kwa wanawake walirudi kupimwa presha, uzito na damu.

Majibu kuhusu kinachoudhuru moyo yalichukua muda. Mwaka 1983, baada ya miaka 26 ya ufuatiliaji, ilidhihirika kwamba unene uliopitiliza wenyewe ni hatari kwa moyo, hata presha na lehemu zikiwekwa kando. Mwaka 2002, utafiti huohuo ulionyesha kuwa hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi kwa mtu mnene kupita kiasi ni takriban mara mbili ya ile ya mtu mwenye uzito wa kawaida.

Kwa nini? Kila kilo ya ziada inadai damu. Moyo husukuma kwa nguvu zaidi mchana na usiku, ukuta wa chemba yake ya kushoto ukanenepa, kisha ukakakamaa. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo mabaya zaidi, kwani huchochea presha na sukari kupanda.

Lakini matumaini yapo. Mama mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, presha yake inaweza kuanza kushuka. Chapati mbili ziwe moja, soda iwe maji, na kituo kimoja cha daladala kitembewe kwa miguu.

Futi ya fundi cherehani inatosha kuanzia: kiuno kikifika sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanamume, ni wakati wa kwenda zahanati kupima presha na sukari.