Mwanafunzi Ugenini na Mzee Aliyemngoja



Baba ampelekapo mwanawe mbali kutafuta elimu, humpa nauli na nguo na usia, kisha hukaa barazani akihesabu miaka. Ikija khabari kwamba kijana hafahamu anayosomeshwa, wengi hujibu kwa ukali: amecheza, ameitia nyumba aibu. Yamkini ni kweli, kwani wachezao wako. Walakini na isikizwe kwanza khabari ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri.

Alizaliwa mwaka 1849, akahifadhi Kurani, na mwaka 1862 akapelekwa Tanta, kusoma katika Msikiti wa Ahmadi. Alikaa kama mwaka mmoja na nusu asifahamu kitu. Waalimu walitaja istilahi za nahau na fikihi ambazo mtoto wa shamba hajapata kuzisikia, wala hawakueleza maana yake. Akakata tamaa, akatoroka, akajificha kwa wajomba zake miezi mitatu. Nduguye akamwona, akamrudisha. Akatoka tena, akarejea kijijini kwa nia ya kulima kama jamaa zake, akaoa.

Siku arubaini baada ya arusi baba yake akamlazimisha kurudi Tanta. Njiani kijana akakimbilia kijiji cha jamaa wa baba yake. Huko alikuwako Sheikh Darwish, mjomba wa baba yake, mtu aliyesafiri mpaka Tarabulus ya Libya. Mzee huyu hakumkaripia. Alimletea kitabu, akamwomba amsomee, kwa kuwa macho yake ni dhaifu. Kijana akakitupa kitabu! Ni baba gani wa leo angelistahimili hayo? Mzee akazidi upole, hata kijana akaona haya, akasoma mistari michache. Na mzee akamfasiria kwa maneno mepesi. Siku ya tano haikuisha ila michezo yote aliyoipenda imekuwa chuki kwake.

Akili, basi, ilikuwako tangu Tanta. Aliyekosekana ni mwenye kueleza. Hata Nabii Musa, katika Sura ya al-Kahf, alisafiri kutafuta elimu asiweze kusubiri, na mwenziwe hakuachana naye ila baada ya kumweleza kila jambo lililomshinda.

Mwaka 1866 Muhammad Abduh akaingia al-Azhar, na mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri. Lakini katika miaka ya Kairo ilimpata shida nyingine: alijitenga na watu, asiseme na mtu ila kwa dharura. Sheikh Darwish ndiye aliyemwamuru aketi na watu na kusema nao, kwani elimu isiyowafikia haiwafai. Na kila likizo, kijana alipofika kwao, humkuta mzee akimwuliza: Je, umesoma mantiki? Umesoma hisabu? Na handasa?