Watenganishe Wasichana na Wavulana

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo kali zaidi ya surua kwa watoto wa miezi 6, katika maeneo ambako ugonjwa huo uliwaua wengi mapema. Surua yenyewe chanjo iliizuia. Kisha watafiti wa Senegal na Guinea-Bissau wakahesabu vifo vya wasichana mbali na vya wavulana, na hapo likajitokeza jambo ambalo jumla ililificha: wasichana waliopewa chanjo hiyo walikufa kwa wingi kuliko wasichana waliopewa ile ya kawaida. Mwaka 1992 ikaondolewa. Haikuhitajika damu nyingine wala mashine mpya kuligundua hilo. Takwimu zilikuwapo tayari.

Mama yeyote wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, anakijua kijitabu cha kliniki. Kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani, muuguzi ameshaandika kama ni wa kike au wa kiume. Habari hiyo huchukuliwa mwanzo kabisa, halafu ikifika kwenye makala ya jarida hupotea, watoto wote wakawa idadi moja.

Chanjo ya malaria ya RTS,S nusura itutie katika mtihani huohuo. Majaribio yake makubwa, kati ya 2009 na 2014, yalihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Kwetu Kenya vituo vilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Malaria ilipungua. Lakini vifo vilipotazamwa kwa jinsia, wasichana waliochanjwa walikuwa wamekufa karibu mara mbili ya wasichana wa kundi la ulinganisho. Mwaka 2016 mtafiti Sabra Klein na wenzake waliliandika jambo hilo waziwazi katika jarida la mBio. Mwaka huohuo ukatolewa mwongozo wa SAGER, unaowataka waandishi na wahariri waripoti matokeo kwa jinsia.

Kwa hiyo Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo Septemba 2019, katika kaunti 8 za magharibi, Bungoma ikiwemo, swali la kama inawadhuru wasichana lilikuwa bado wazi.  Fikiria mama mwenye binti wa miezi 6 anayesikia sokoni Chwele, huko Bungoma, kwamba sindano hii inaua wasichana. Anamwuliza muuguzi. Muuguzi atamjibu nini kama hakuna anayehesabu?

Safari hii walihesabu. Kenya, Ghana na Malawi zilifuatilia vifo vya wasichana na vya wavulana kila kundi peke yake, na haikuonekana dalili kwamba chanjo iliwadhuru wasichana. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Wapo watakaosema basi hofu ilikuwa ya bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Muuguzi wa Bungoma ana jibu la kumpa mama huyo kwa sababu swali liliulizwa na likafuatiliwa mpaka mwisho.

Wewe kijana unayeandika makala yako ya kwanza ukiwa hospitali ya Kitale au ya Bungoma, onyesha ni wanawake wangapi na wanaume wangapi walioingia katika utafiti, waliojitoa, waliodhurika na waliofariki. Onyesha hata pale usipoona tofauti. Mhariri akisema nafasi haitoshi, fupisha utangulizi, jedwali libaki.