Kadi ya Chama ni Ushahidi

 

Ndugu zetu wa Kitale na Bungoma wametuletea suala, nasi tumeona tulijibu hapa kwani si lao peke yao. Watu wa Mombasa, Malindi na Lamu wamo ndani yake vile vile. Wasema: "Sisi hatumo katika chama chochote. Lakini kila uteuzi wa vyama ukaribiapo, wagombea hutujia wakatuambia kuwa mashindano ni makali na kura chache ndizo zitakazoamua. Basi tujiandikishe chamani kwa siku moja, tumpigie mtu mwema, kisha tujitoe. Je, yafaa?"

Kwanza tujue sheria ya nchi ilivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 38, imempa kila raia uhuru katika mambo ya siasa: akitaka ataingia chamani, asipotaka halazimishwi. Mwenye kutaka kugombea peke yake, kifungu cha 85 chamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ama uteuzi wa vyama, sheria iliyorekebishwa Januari 2022 imeufanya kuwa jambo la wanachama walioandikwa daftarini, wala mtu haruhusiwi kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Basi asiye na chama kura yake ni ya siku ya uchaguzi, si ya siku ya uteuzi.

Hapa ndipo penye uzito wa suala, wala hatuudharau. Ziko sehemu ambazo chama kimoja kina nguvu hata mteule wake huhesabiwa kuwa ameshachaguliwa. Wazee wetu waliyaona haya kwa ukali zaidi mwaka 1988, wakati KANU ilipokuwa chama pekee kwa sheria. Mwezi wa Februari wanachama walipangwa mistari nyuma ya wagombea, na aliyepata zaidi ya sabini katika mia alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Asiye na kadi ya KANU, katika sehemu kama hizo, hakuwa na sauti kabisa. Na wengi walishuhudia mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu.

Basi mwenye kusema kwamba kumfungia mtu mlango wa uteuzi huenda kukamdhulumu, amesema neno lenye maana. Lakini dhulma ya mlango ni jambo moja, na kuingia mlangoni kwa uongo ni jambo la pili. La kwanza halihalalishi la pili.

Kwa nini tukasema ni uongo? Kwa sababu kuandika jina katika daftari la chama ni ushahidi. Mtu ashuhudia mbele ya Msajili na mbele ya wenziwe kwamba yeye ni mmoja wao, ameridhia masharti yao. Naye akiwa moyoni mwake ameazimia kutoka kesho, ameshuhudia asilokuwa nalo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa, na akatufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Hakusema hufungwa nayo pale tu yanapowafaa.

Huenda mtu akauliza, mbona katika Marekani wako wasio na chama wanaopiga kura katika uteuzi wa vyama? Ni kweli. Katika New Hampshire asiye na chama huruhusiwa kuchagua uteuzi wa chama kimojawapo akapiga kura. Katika New York hana ruhusa hiyo. Tazama tofauti. Wa New Hampshire hakusema uongo, kwa kuwa sharti lenyewe limemkaribisha akiwa mgeni. Mgeni aliyekaribishwa si sawa na mtu aliyejiita mwana wa nyumba ili apate kuingia. Kwa hivyo haramu haikuwa katika kupiga kura ya uteuzi, bali katika kuvunja sharti kwa kujidai usivyokuwa.

Wako watakaosema: "Nia yetu ni njema, twataka kumzuia fisadi." Nia njema huitukuza amali ya halali, wala haiigeuzi haramu ikawa halali. Tena mashindano yakiwa makali, jambo huzidi ubaya. Mgombea akishinda kwa maelfu, kura kumi za uongo ni dhambi ya waliozipiga. Lakini akishinda kwa kura tano, kura kumi hizo zimemnyang'anya mtu haki yake na kuwanyang'anya wanachama wa kweli chaguo lao. Hapo uongo umekuwa dhulma. Na ubaya zaidi ni wa yule aingiaye katika uteuzi wa wapinzani wake ili awachagulie mtu dhaifu. Huyo amemshuhudilia mtu asiyemtaka hata kwa dakika moja.

Wala si kweli kwamba kura ya Agosti haina kazi. Tazameni Kitale na Bungoma kwenyewe. Mwaka 2022 Bungoma ilimpa ugavana Kenneth Lusaka wa Ford-Kenya. Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale, ilimpa George Natembeya wa DAP-K, chama kilichozinduliwa Desemba 2021. Kaunti mbili jirani, zilizozoea chama kimoja tangu siku za marehemu Kijana Wamalwa, zikahukumu mbalimbali. Raia wote waliojiandikisha kupiga kura, wenye vyama na wasio navyo, walikuwa na neno.

Jawabu letu basi ni hili. Anayetaka sauti katika uteuzi na ajiunge mapema, kwa kweli, akijua masharti na kuyaridhia, akae ndani awaamrishe wenziwe mema. Kushirikiana na wasiokuwa Waislamu katika jambo la haki si aibu. Mtume wetu kabla ya kupewa utume alihudhuria mapatano ya Makka ya kumtetea aliyedhulumiwa, na baadaye akasema angeitwa tena angeitika. Asiyetaka chama na abaki nje kwa heshima yake, aingoje kura yake, au amsaidie mgombea asiye na chama. Na anayeona sheria ni nyembamba na aseme hadharani ibadilishwe. Kusema huko ni halali, bali huenda kukawa wajibu.

Limebaki jambo moja. Juni 2021 raia walipofunguliwa njia ya kutazama majina yao katika mtandao wa serikali, wengi walijikuta wameandikwa katika vyama wasivyoviomba kamwe. Walioandika majina hayo wamewashuhudilia watu uongo bila ya idhini yao, nao wataulizwa. Lakini nawe, ndugu msomaji, ukishajua kwamba jina lako liko mahali lisipostahili kuwako, usinyamaze. Suratul Baqara, aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi, na ushahidi wa nafsi yako hakuna aujuaye kuliko wewe. Tazama daftari, na kama hukuridhia, ondoa jina lako.

Watu huogopa kiapo cha mahakamani kwa kuwa kadhi yuko mbele yao. Daftari la chama halina kadhi mbele yake, lakini Mwenye kuziona nia yuko.

Wabillahi taufiq.