Mwanasesere Akitubu, Nani Anaidai Damu?



Filamu ya M3GAN 2.0, iliyotoka Juni 2025, imezunguka hosteli zetu kwa flashi mpaka hakuna asiyekuwa na maoni juu yake. Wengine waliitazama kibandani, imeshatiwa maneno ya Kiluganda na VJ, na huko hata mauaji huchekesha. Wengine waliiona kwa Kiingereza, sauti wameifunga wasiwasumbue wenye mitihani. Mjadala ni ule ule: imeiharibu ile ya kwanza au haikuiharibu? Wengi wanasema imeiharibu kwa sababu haitishi. Na mimi nasema imeiharibu, ila kwa sababu nyingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. (Kuhusu hukumu ya kutazama filamu za kutisha, waulizeni masheikh. Mimi naandika kwa sababu mmeshazitazama.)

Ile ya kwanza iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Januari 2023. Inamhusu binti aitwaye Cady, ambaye wazazi wake wanafariki katika ajali ya gari kwenye theluji. Anachukuliwa na mama yake mdogo, Gemma, fundi wa roboti katika kampuni ya vitu vya kuchezea. Gemma ana kazi nyingi, na kulea hajui. Basi anatengeneza mwanasesere mwenye akili mnemba, mrefu kama mtoto wa darasa la nne, na kumpa amri moja: mlinde Cady, mwili wake na moyo wake. Mwanasesere anaitekeleza amri. Mbwa wa jirani amemng'ata Cady, mbwa anauawa. Jirani mwenyewe, Celia, analeta maneno, naye anauawa. Mvulana mkorofi anakimbizwa mpaka anagongwa na gari. Bosi wa kampuni na msaidizi wake wanamalizwa kwenye lifti.

Watu walicheka ile ngoma aliyoicheza ukumbini na filamu ikajipatia fedha nyingi. Iligharimu kama dola milioni 12 na kuingiza kama milioni 180. Lakini ukiondoa ngoma na damu, inabaki hadithi ya yatima na mlezi wake. Hicho kilinikamata mimi, mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu, kuliko visu.

Sote tumesoma kwamba Sayyidatna Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Rafiki zake walijificha Mtume alipoingia, naye akiwarudisha waendelee kucheza. Kuna na farasi wake mwenye mbawa mbili, aliyemfanya Mtume acheke. Maulamaa walipotafuta sababu ya kuruhusiwa wanasesere hawa, hali masanamu yamekatazwa, waliotoa ruhusa walitaja malezi: mtoto anambeba mwanasesere, anamvisha, anambembeleza, na hivyo anajifunza kulea. Mwanasesere hajui lolote, mtoto ndiye anayejua. Gemma aliigeuza kazi hiyo juu chini. Kwake mwanasesere ndiye anayemlea mtoto. Sijui fakihi wa zamani angeiitaje hali hiyo, kwa sababu haikuwahi kumpitikia kwamba kitu cha kuchezea kinaweza kumwambia mtoto aoshe mikono baada ya kutoka chooni.

Kuna tukio moja kwenye filamu hiyo ambalo kwangu ndilo la kutisha kuliko yote, na hakuna anayeuawa. Wakubwa wa kampuni wameketi nyuma ya kioo wakisubiri kuona bidhaa. Cady analia, anaogopa kwamba atamsahau mama yake. Mwanasesere anamwomba amsimulie kumbukumbu moja ya mama, anairekodi, anaahidi kumtunzia daima, kisha anamwimbia. Nyuma ya kioo watu wazima wanafuta machozi, kisha wanakubali kuwekeza. Yatima ameliwazwa kwelikweli. Na katika chumba kile chenye jamaa na wataalamu, hakuna mtu hata mmoja aliyenyanyuka kumshika bega.

Nyumbani kwetu Mbale yupo mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka saba, anakaa na bibi yake. Mjomba alimletea simu ya zamani ili atulie, na kweli ametulia, maana ndani yake kuna programu inayojibu ukizungumza nayo, hata kwa Kiswahili. Siku moja tukiwa jikoni tulimsikia sebuleni anaiuliza: mama yangu yuko wapi? Programu ilimjibu kwa adabu, ikampa pole, ikamwambia ni kawaida kuhuzunika, ikamshauri azungumze na mtu mzima anayemwamini. Jibu halikuwa baya. Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akaenda kumchukua. Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo: angekuwa hayupo jikoni, jibu lile lingekuwa ndilo la mwisho? Mtume (s.a.w.) alikuwa yatima, na aliahidi kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi kama vidole viwili. Ujira mkubwa namna hiyo unatolewa kwa sababu kazi yenyewe inakula muda wa mtu.

Sasa sehemu ya pili. Miaka miwili imepita. Michoro ya M3GAN imeibiwa na kutengenezewa roboti wa kivita, Amelia, ambaye amewaasi waliomtuma. Gemma amekuwa mwanaharakati anayetaka serikali ziidhibiti akili mnemba. Ili kumshinda Amelia anakubali kumrudisha M3GAN katika mwili mpya, mrefu zaidi, na muuaji wa juzi anakuwa shujaa wa leo. Mtayarishaji Jason Blum alisema wazi baadaye kwamba walidhani wanaweza kumhamisha M3GAN kutoka filamu ya kutisha kwenda filamu ya mapigano na watazamaji wakamfuata. Hawakumfuata. Filamu iliambulia kama dola milioni 39 dunia nzima. Walioikosoa waliikosoa kwa hilo: tulikuja kuogopa, mmetuletea ndondi.

Mimi ningesamehe ndondi. Nisichoweza kukipitisha ni namna filamu inavyomtubisha muuaji. M3GAN anajionyesha amekomaa, amejifunza, si yule wa zamani. Mwishoni anajitoa mhanga, muziki unapanda, Gemma na Cady wanamlilia. Mimi nilibaki nahesabu: Celia, yule mvulana, wale wawili wa lifti. Wana ndugu? Wana watoto? Mtu mwenye haki ya kudai damu yao yuko wapi katika filamu hii?

Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin anatuwekea masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia. Na dhambi ikimhusu mja mwenzio linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake. Ibn al-Qayyim akaifungua zaidi habari ya mauaji, akasema ndani yake zimo haki tatu: ya Allah, ya warithi, na ya aliyeuawa. Ya kwanza huenda na toba ya kweli. Ya pili iko mikononi mwa warithi: kisasi, diya au msamaha. Ya tatu inabaki mpaka Siku ya Kiyama. Gemma anayo haki ya kumsamehe M3GAN kwa kutaka kumuua yeye, maana hilo ni lake. Cady naye anayo yake. Lakini damu ya Celia hawakurithi wao. Wanasamehe kwa mali ya watu.

Nilipoyasema haya chumbani, mwenzangu ninayeishi naye, mwanafunzi wa kompyuta na hodari wa kubishana, alinikatiza. "Dada, unamhukumu kama mtu. Mashine ikirekebishwa isiue tena, hiyo si ndiyo toba yake? Wewe unataka ilie machozi?" Hoja yake ina uzito na sikumjibu usiku ule. Ni kweli kwamba matendo yamebadilika. Lakini angalia kilichotokea kwenye hoja yenyewe: tumelichukua neno la mukallaf, tumelivisha kisichokuwa mukallaf. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie. Hawa ni binadamu na bado hawaandikiwi. Kisu kikinolewa upya hakitubu. Na hata kule kujitoa mhanga, nakala yake ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye kompyuta na tunaiona kabla filamu haijaisha. Mhanga usiogharimu kitu ni mhanga gani?

Mwenzangu akasema, basi kama si mukallaf, hana dhambi, na mada imekwisha. Hapo ndipo tulipotofautiana kabisa, kwa sababu kwangu hapo ndipo mada inapoanza. Kukosa dhambi kwa mashine hakuifuti damu, kunaihamisha. Mafakihi wetu hawakuijua roboti lakini walijua kisima. Mtu akichimba kisima katika ardhi yake na mwizi akatumbukia, hana la kulipa. Akikichimba katikati ya njia wanayopita watu, bila idhini, mpita njia akaanguka akafa, mchimbaji anabeba dhamana hata kama siku hiyo alikuwa amelala nyumbani kwake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu akimfungia mwenzake katika chumba chembamba na simba, akaliwa, hakuna anayemshitaki simba. Na katika Surat al-Anbiya tunao Daud na Sulaiman (a.s.) wakihukumu juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Aliyesimamishwa mbele ya hukumu ni mwenye kondoo.

Gemma alileta nyumbani mashine ambayo haikumaliza majaribio, akaipa amri isiyo na mpaka, akaiacha na mtoto. Hicho ni kisima cha njiani. Filamu ya kwanza ililijua hilo, na kila alipoua M3GAN kamera iliturudisha kwenye uso wa Gemma. Ya pili imelisahau. Mara dhambi ni ya Amelia, mara toba ni ya M3GAN, na mchimbaji anaandika vitabu na kutoa hotuba. Mbaya zaidi, yule mwenzake katika harakati, Christian, anayepita akihimiza tahadhari, mwishoni tunaambiwa ndiye aliyekuwa nyuma ya Amelia. Yaani anayesema tuwe waangalifu ndiye mhalifu, na chombo kilichoua ndicho mkombozi. Nilitafuta maelezo mengine ya uchaguzi huu wa waandishi nikayakosa.

Msidhani haya ni ya sinema tu. Mwaka 2017 Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla, aliyeongea na watoto kupitia intaneti, kwa kumhesabu kuwa chombo cha kupelelezea. Oktoba 2024 mama mmoja wa Florida aliishitaki kampuni ya Character.AI baada ya mwanawe wa miaka 14, aliyezoea kuongea na mhusika wa programu hiyo, kujiua. Mawakili wa kampuni walijitetea kwamba maneno ya programu yanalindwa na uhuru wa kusema. Mei 2025 jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo katika hatua ile. Soma utetezi ule vizuri: mashine ilisema, na kusema ni haki. Aliyeiunda yuko wapi katika sentensi hiyo? Ametoka kwa mlango ule ule aliotokea Gemma. Ukiipa mashine toba, umeipa pia dhambi, na ukishaipa dhambi kampuni inaweza kwenda kulala.

Mwenzangu ana hoja moja ambayo nimeikubali, nayo niiandike kwa haki yake. Aliniuliza: "Kama si mtu, mbona maneno yake yanatushtua? Hayana maana yoyote mbele ya Mungu?" Nikakumbuka Surat Fussilat, pale ngozi, masikio na macho ya watu yatakapotoa ushahidi dhidi ya wenyewe, wenyewe wakastaajabu imekuwaje viungo vinasema. Ngozi haina taklifu. Haitatubu, haitaadhibiwa kwa dhambi yake, kwa sababu dhambi si yake. Lakini itasema, na itakachosema kitamhusu aliyeitumia. Kama ningeulizwa nafasi gani ya kumpa M3GAN katika sehemu ya pili, ningemsimamisha mahali hapo. Ana kumbukumbu ya kila kitu: nani alimpa amri, nani aliona dalili akanyamaza, nani alilia nyuma ya kioo kisha akawekeza. Muwasheni, mkalisheni kizimbani, aseme.

Na Cady? Katika sehemu ya pili amekuwa mkubwa, anafanya aikido, anataka kusomea kompyuta, anagombana na mama yake mdogo kama mabinti wote. Ile kumbukumbu ya mama yake aliyoirekodi mwanasesere sikuisikia ikirudi. Nilikaa mpaka majina ya mwisho nikiisubiri, halafu nikampigia simu bibi nimsalimie yule mtoto. Alikuwa uani, ananyonyoa kuku pamoja na bibi yake, na hakutaka kuja kwenye simu.