Mwaka Mpya Uanzie Jikoni

Msikilizaji wa Migori na Homa Bay, mwaka mpya umeingia, na wengi wetu tumeshapanga karo, kazi na ujenzi. Leo naomba tupange na chakula.

Tusitafute mbali. Kutoka Mbita hadi Muhuru Bay, ziwa linatupa omena, samaki anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kumpa mtoto protini na kalsiamu. Shambani kuna osuga, apoth na dek. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha utajiri wa lishe uliomo katika mboga hizi za kienyeji, ambazo wengi walizidharau kama chakula cha maskini.

Basi lengo liwe dogo, linalotimizika: mboga ya kienyeji mara mbili kwa wiki, unga wa mtama uchanganywe kwenye ugali, na kijana mmoja nyumbani, wa kiume au wa kike, ajifunze kwa nyanya yake kupika dek kwa maziwa mpaka uchungu upungue. Ujuzi usiporithishwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Tuanze jioni ya leo.